Msafiri wa Akiba

Georgine alianza kulia akiwa bado barabarani. Tulimsikia kabla ya kumwona, sisi tuliokuwa tumekaa uani kwa arobaini ya mama, na wanawake waliokuwa wakichagua mchele waliinua vichwa wakaulizana ni nani huyo. Mimi sikuuliza. Sauti ile naijua tangu tukiwa wasichana. Akaingia, mwanamke mnene, aliyefika kutoka Ubelgiji anakoishi sasa, na viatu vya ngozi laini, akajitupa kwenye mkeka aliokuwa akikalia mama, akalia, "Mama yangu, umeniacha na nani?" mpaka shangazi zangu, waliokuwa wamekwisha kunyamaza, wakaanza upya. Mmoja wao akaniinamia sikioni: "Zaina, huyu analilia mama yako kukupita we." Haya. Nimemwosha mama kwa mikono yangu, nimewapikia watu siku zote za matanga, na bado Georgine amepanda ndege kuja kunishinda kulia! Nimekuwa bibi mwenye wajukuu, magoti yananiuma nikiinuka kusali, lakini wivu wangu kwa mwanamke yule haujazeeka hata kidogo. Nitausema ulivyo. Watu wengi wanaandika habari za ujana wao wakijifanya walikuwa na roho za malaika, na mimi hilo siliwezi.

Watu wa Kisangani wa rika langu wanaukumbuka mwaka ule kwa mambo makubwa: mto ulikuwa umefunguliwa tena baada ya vita, maboti yalikuwa yanapanda kutoka Kinshasa, sabuni na chumvi zimerudi sokoni. Mimi naukumbuka kwa bourse, ufadhili wa masomo. Serikali ilitangaza kwamba itapeleka wanafunzi wa jimbo letu kusoma Algeria, gharama zote juu yake, na sisi tuliokuwa tumemaliza miaka ya kwanza ya chuo kikuu tukaitwa kufanya mtihani. Georgine na mimi tulijitayarisha pamoja, nyumbani kwetu, kwa sababu kwao Lubunga, ng'ambo ya mto, umeme ulikuwa habari ya kusikia kwa wengine. Chumba chetu cha mbele kilikuwa na meza moja, balbu moja na picha ya Makka ukutani. Jioni mama alileta sinia. Kulikuwa na lituma, yaani ndizi za kupondwa, na samaki wa kuchemsha na pilipili, au pondu, majani ya muhogo, yenye mawese, au wali kama ni Ijumaa. Na kila jioni, naomba mnisikilize vizuri hapa, kila jioni mama aliinama akachagua kipande kilichonona, kile cha karibu na kichwa, akakisukuma upande wa Georgine. "Kula, mutoto yangu. Njia yako iko murefu." Mimi nikiguna, ananitazama: "We uko kwenu. Ye ni mugeni." Mgeni gani anakula kwako mwaka mzima? Lakini Georgine aliinamisha kichwa, akasema "Merci mama," akala, na baada ya kula akakusanya sahani kabla mimi sijanyanyuka. Alikuwa na njia hiyo ya kunyanyuka kwanza.

Siku moja nilikuwa naoga nyuma ya nyumba, sabuni usoni, nikamsikia mama akiongea na jirani yetu, Mama Salima, kupitia uzio wa matete. "Huyu Georgine," mama alisema, "angekuwa wangu, mi ningelala usingizi. Iko na heshima. Anaosha bisahani bila mutu kumuambia. Wa kwangu iko na kichwa, bon, siwezi kukataa. Lakini ile mudomo!" Wakacheka, wote wawili. Nilisimama pale mpaka povu likanikaukia mashavuni. Kama angenisema ubaya nikiwa peke yangu ningevumilia, kwani mdomo ninao kweli. Kilichonichoma ni kupimwa. Tangu siku ile kila sahani aliyoiosha Georgine niliisikia ikilia masikioni mwangu.

Matokeo yalibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya jimbo. Kulikuwa na majina ya waliochukuliwa, halafu mstari, halafu majina ya suppléants, watu wa akiba. Georgine alikuwa wa mwisho juu ya mstari. Mimi nilikuwa wa kwanza chini yake. Kati yangu na yeye palikuwa na wino tu wa mtu aliyechora mstari ule kwa rula. Georgine alinikumbatia akilia, akisema, "Zaina, ingekuwa siye babili," nami nikampigapiga mgongoni, nikasema, "Mungu iko," na moyoni nikasema maneno ambayo siyaandiki. Nyumbani mama alituchinjia kuku. Alisema ni wa sisi wote wawili, lakini mimi nilijua kuku yule alichinjwa kwa ajili ya nani.

Kilichofuata ndicho kilichouharibu mwaka wangu wote. Nilihitaji kazi, nikaipata katika agence ya safari ya Mama Régine, chumba kimoja karibu na soko kuu, chenye feni iliyozunguka ikipenda na kidege cha mbao juu ya kabati. Mama Régine alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na miwani iliyoning'inia kifuani, na serikali ndiyo kwanza ilikuwa imempa kazi ya kuwasafirisha boursiers, wanafunzi wale wa bourse. Alihitaji mtu wa kushughulika nao. "We uko na akili na unajua ba boursiers bote," aliniambia. "Donc hii ni kazi yako." Nikawa nakusanya pasipoti zao, nafuatilia visa zao, natafuta nafasi katika ndege ya Kinshasa, natafuta mahali pa kulala wakiwa huko, napanga ndege ya kuwavusha mpaka Algiers. Kila asubuhi nilikaa kwenye kiti changu nikiwapeleka wenzangu mahali nilipotaka kwenda mimi.

Na walivyouliza! Kijana mmoja wa Banalia, mwerevu wa hesabu kuliko sisi sote, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Yaya Zaina, dirisha ya ndeke inafungukaka?" Baba mmoja kutoka Isangi alikuja na mfuko wa samaki wa moshi akitaka nimthibitishie kwamba Waarabu hawatamkatalia binti yake kuingia na samaki wale. Mama mmoja alitaka kujua kama rubani anasali kabla ya kuruka. Niliwajibu wote kwa upole, na wote waliondoka wakisema yule dada ana roho nzuri. Halafu alikuja Georgine, akaegemea meza yangu kama alivyozoea kuegemea ile ya kwetu, akaniambia, "Zaina, kutoka Kinshasa unaniwekea kwa dirisha, eh?" Nikamwekea dirishani. Juu ya bawa kabisa, mahali ambapo mtu haoni kitu ila chuma. Na Algeria, jamani! Nchi ya watu wanaofunga Ramadhani! Mimi niliyeamshwa alfajiri kusoma Kurani tangu sijaota meno ya pili nabaki hapa, na anayekwenda kusikia adhana za huko ni Georgine wa Lubunga, mwimbaji wa kwaya! Nilimwambia mama hivyo. Akajibu huku akitwanga, "Mungu hachaguake kwa mavazi."

Aliyesimamia bourse upande wa serikali tulimwita Tonton Délégué, mtu mwembamba wa tai, mpole, mwenye kuogopa wakubwa wake wa Kinshasa kuliko kitu chochote. Siku moja alikaa mbele ya meza yangu, akavua kofia. "Mademoiselle, we njo suppléante ya kwanza. Nafasi ya serikali haiwezi kuruka bila mutu. Mwenyewe akikosa siku ile, unapanda we. Alors unakuya kwa uwanja ya ndeke ya Bangboka na valizi yako tayari." Nilidhani anatania, kumbe ndiyo ilikuwa kanuni. Pasipoti yangu nayo ilitiwa visa. Tiketi za kutoka Kinshasa zilikuwa zikisubiri kule kule, na jina la mwisho lisingeandikwa mpaka sisi tupige simu kusema nani amepanda kweli. Mwenzetu wa Kinshasa niliongea naye mimi mwenyewe. Nilimwambia jina ama litakuwa Georgine, ama Zaina, na nikisema Zaina ulimi uliniwaka.

Nilipomweleza mama, alimaliza kwanza kuchagua mchele. Halafu akaenda kununua valizi ya bluu yenye mkanda. Akaanza kuijaza kidogo kidogo: karanga za kusaga, samaki wa moshi, sweta nzito aliyoipata kwenye nguo za mitumba, kanga mbili, sabuni. Alikunja, akakunjua, akakunja tena. Niliona anajaza valizi kwa ajili ya safari asiyoiamini, nikakasirika. Ingekuwa Georgine, hivi nilivyowaza, mama angemfungia kila kitu mara moja, kwa mikono yenye haraka.

Sasa lazima nieleze saa ya agence. Hapa kwetu ndege hutoka Kinshasa ikija, na huja inapotaka. Kila mtu anajua hivyo, kwa hiyo hakuna anayefika uwanjani mapema. Anakaa nyumbani, anakula, anaagwa na kila shangazi, anakumbuka sufuria ya jirani ambayo hajairudisha. Mama Régine, alipochoka kuona abiria wake wakiachwa na ndege, alianza kuwatajia saa ya uongo. Ndege ya saa tano aliitaja kuwa ya saa tatu. Ilifaa kwa muda. Halafu mji ukajua, na watu wakaanza kuongeza wenyewe: ukiwaambia saa tatu, wao wanasikia saa tano. Georgine nilimweleza mimi siku za kwanza za kazi, tukacheka mpaka machozi, naye akaipeleka Lubunga nzima. Tatizo ni kwamba ndege ya boursiers haikuwa inatoka Kinshasa. Ilishuka jana yake ikitokea Isiro, ikalala Bangboka. Mama Régine alisimama katikati ya chumba akapiga makofi. "Kesho hakuna uongo! Ndeke inalala hapa, pilote iko mu hoteli anakula kuku. Saa tatu ni saa tatu. Zaina, uende uambie kila mutu, nyumba kwa nyumba."

Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Lubunga niliiacha ya mwisho, nikavuka mto kwa pirogue, mtumbwi wa mota, jua likiwa bado juu. Kwao Georgine palikuwa na watu kama siku ya harusi. Wanawake walikuwa wakifunga liboke, samaki katika majani, na moshi umejaa uani, na wazee wamekaa kwenye mabenchi wakimsubiri noko. Noko ni mjomba, kaka wa mama, na kwa watu wale wa mto hakuna mtoto anayeanza safari kubwa kabla noko hajampaka udongo mweupe kwenye paji la uso na kumwombea njia. Noko wa Georgine alikuwa Yanonge, mbali chini ya mto, na alikuwa anakuja kwa pirogue. "Anafika leo ao kesho asubuhi," waliniambia, bila wasiwasi wowote. Nikamwita Georgine. Nikasema, mbele ya wote, "Kesho saa tatu ni saa tatu ya kweli. Ndeke inalala hapa."

Georgine akacheka. "Eh, batu ya agence! Kila siku munasema vile." Mzee mmoja kwenye benchi akapaza sauti, "Saa tatu ya agence njo saa tano ya Mungu!" na ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Nilingoja wanyamaze. Nikamshika mkono. "Georgine, niangalie. Hii si agence. Ni mi Zaina njo nakuambia." Aliniangalia kweli, na kicheko kikampungua, lakini akasema, "Zaina, mi siwezi kwenda bila noko. Na ile saa yenu tunaijua, we mwenyewe ulinifundisha." Akaniwekea liboke mbili kwenye kikapu, za kumpelekea mama. Nilisema mara mbili, mbele ya watu, na baadhi yao wangali hai; yeyote anayedhani nilinyamaza aende Lubunga akaulize. Katika pirogue ya kurudi niliomba dua. Sitasema niliomba nini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na visa ndani ya pasipoti.

Asubuhi Bangboka palifurika. Kila boursier alikuja na kijiji chake: kwaya, mabibi, watoto wachanga, vifurushi vya kwanga, mkate wa muhogo. Sisi tulikuja kwa teksi moja, mama, shangazi zangu, binamu yangu Hamadi na mimi, na valizi ya bluu magotini mwangu. Watu walinitazama: huyu wa agence amebeba valizi ya nini? Ndege ilikuwa pale kwenye uwanja, mlango wazi, kama alivyosema Mama Régine. Tonton Délégué akaita majina na kila mmoja akaitika. Akafika la mwisho. "Georgine!" Akaita tena. "Iko njiani," mtu akasema. Mama Régine alipiga simu ya kaka yake Georgine, ikalia bila kujibiwa. Akapiga tena. Tonton alitazama saa yake, akaitazama ndege, akapangusa shingo. Alipofungua mdomo kusema "Suppléante", mimi nilikuwa nimekwisha kuitika.

Shangazi zangu walipiga vigelegele. Mama hakupiga. Alinishika uso, akanipangusa kwa ncha ya kitenge chake kama mtu anayetoa masizi, na uso wangu ulikuwa safi. "Basi, uende," akasema. Nilimbusu mkono, nikaenda. Nilipita mizani, nikaona valizi yangu ikichukuliwa, nikapita kwa askari, nikatembea kwenye lami, nikapanda ngazi, na sikugeuka hata mara moja. Niliogopa kwamba nikigeuka kitu kitaharibika.

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya mafuta. Nilikaa karibu na kijana wa Banalia. Alikuwa akigusagusa kioo kwa kidole. "Yaya Zaina, ulisema kweli, haifungukake," akaniambia, tukacheka kama wagonjwa. Nilifunga mkanda. Wafanyakazi walikuwa bado wanapakia makasha nyuma, mlango uko wazi, na mimi nilikuwa nimekwisha kufika Algeria. Nilikuwa nimekwisha kununua kitabu, nimekwisha kutembea karibu na bahari. Na jambo la ajabu, nilimpenda Georgine sana dakika zile. Kwa mara ya kwanza mwaka ule sikumwonea wivu hata kidogo. Nilimhurumia kwa roho yangu yote, nilipanga kumwandikia kila wiki, nilipanga kumtafutia bourse mwaka unaofuata, nilikuwa mwema kupita kiasi.

Halafu kichwa cha Tonton Délégué kilitokea mlangoni. Hakuniangalia usoni. "Mademoiselle. Mwenyewe amefika. Ushuke."

Nikamwambia, "Tonton, nimeisha kufunga mukaba." Nilisema hivyo kwa utulivu kabisa, nikimwonyesha mkanda, kana kwamba hiyo ni sheria ya nchi. Akarudia, kwa sauti ya kuomba, "Mademoiselle, pardon, ushuke." Kijana wa Banalia ndiye aliyenifungulia, maana mikono yangu ilikataa. Kwenye ngazi nilikutana na Georgine akipanda. Alikuwa peku, hana mfuko wala mkoba, udongo mweupe umechanganyika na jasho na kumtiririkia mpaka kidevuni. "Zaina, unisamehe, noko alichelewa kwa mto," alisema, akihema. Kati ya maneno yote duniani, mimi nikajibu, "Valizi yangu iko ndani." Tonton akasema hakuna wakati wa kuishusha. Kwa hiyo valizi ikaenda. Nilisimama chini nikaona ndege inaondoka na kanga zangu, sabuni yangu na rafiki yangu.

Hamadi ndiye aliyenieleza yaliyotokea kwenye barrière, ule mti wa kuzuia watu. Askari alikuwa amemkatalia Georgine. Alimwambia orodha imefungwa, na Georgine akaanguka chini akajigaragaza vumbini. Mama alimwona. Mama, aliyekuwa amekaa na shangazi zangu akingoja ndege yangu iruke, aliinuka, akawasukuma watu, akamfokea askari na Tonton Délégué pamoja: "Huyu njo mwenye nafasi! Mufungue! Munataka kumunyang'anya mutoto wa batu?" Akampigia askari kelele mpaka akauinua mti. Akamshika Georgine, akamwinua, akamsukuma apite. Hamadi alinihadithia akidhani nitafurahia ushujaa wa mama yangu. Hapo niliyasikia tena yale maneno ya kwenye uzio, angekuwa wangu ningelala usingizi, na nikaelewa kila kipande cha samaki. Alipewa nafasi ya kuchagua kati yetu, akachagua.

Tulirudi kwa teksi. Mama alimwomba dereva asimame, akanunua ndizi za kupika. Jioni ile alileta sinia, akachagua kipande kilichonona, akakisukuma upande wangu. Nikakirudisha upande wake. Kilikaa pale katikati mpaka kikapoa, tukakitupa.

Baada ya miezi ikaja picha. Georgine amesimama mbele ya mlima, mji wa baridi, amevaa sweta yangu. Nyuma aliandika kwamba karanga za mama zilimwokoa mwezi wa kwanza. Mama aliitia picha ile kwenye fremu, akaitundika chumba cha mbele, na kwa miaka yote hiyo mimi ndiye niliyeipangusa vumbi. Nilingojea bourse ya mwaka uliofuata, haikuja. Niliolewa, nikazaa, nikabaki kwa Mama Régine mpaka akazeeka na kuniachia chumba kile na feni yake. Bado nawasafirisha watoto wa watu. Najua kuwafurahia, baadhi yao. Georgine akawa ingénieur wa maji, akahamia Ubelgiji, akampigia mama simu kila sikukuu, za kwao na za kwetu. Mama alipopokea alikuwa akienda kuongelea uani, na mimi jikoni nilipunguza moto ili nisikie vizuri. Sikumwuliza hata siku moja kwa nini alinishusha. Naye hakusema. Tuliishi nyumba moja, tukapikiana, tukauguzana, na swali lile likakaa nasi mpaka nilipomfunga sanda.

Siku ya arobaini, watu walipokwisha kula na kuondoka, Georgine alivua viatu vyake vya ngozi laini akaja kuniosha sufuria. Nilimwambia aache. Hakuacha. Tukakaa kwenye vibao, jivu na maji kati yetu. Nikaona sasa au kamwe, kwa kuwa yule aliyetuzuia hayupo tena. Nikasema, "Georgine, mama alikupenda kunipita. Nilijua siku ile ya Bangboka. Sitaki unijibu kwa heshima."

Aliacha kusugua. Aliniangalia, uso wake umevimba kwa kilio. "Hakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Pale kwa barrière. Aliponiinua." Akapangusa mikono kwenye nguo yake nzuri. "Kwa batu alikuwa anapiga makelele, mwenye nafasi, mwenye nafasi. Lakini kwa sikio yangu alisema ingine. Alinishika hapa, shingo, nguvu sana, akaniambia, 'Kimbia, Georgine. Kimbia unishushie mutoto wangu.'"

Mtoto wa jirani alikuwa analia mahali, na mtu akamwita.

"Mi nilifikiri ananihurumia," Georgine akaendelea. "Mu ndeke njo nilielewa, wakati nimekaa mahali yako, kiti ingali moto. Niliangalia kwa dirisha. Mama yangu alikuwa amefika pale na ba noko, anacheza, anaimba, mutoto yake anaenda. Hakuna mutu alikuya kunishusha, Zaina. Kule baridi ilinipiga, nililia, nilikula karanga yako, na kila siku nilisema, mwenzangu iko na mutu aliyefungua barrière kwa ajili yake. Unajua wivu niliyokuonea? Mpaka leo. Mpaka hapa, kwa mukeka yake."

Georgine alinionea wivu mimi! Ningecheka kama ningeweza. Nilikaa na sufuria mapajani, nikamwona mama upya, amesimama kati ya shangazi wanaopiga vigelegele, ananipangusa uso usio na kitu, halafu anamwona msichana aliyeanguka vumbini na kujua kwamba Mungu amemletea njia ya kunibakiza nyumbani. Nilipendwa, basi. Nilipendwa kuliko Georgine, kuliko yeyote, nilipendwa mpaka nikashushwa kwenye ndege. Ndilo jambo nililolitaka kulisikia tangu nikiwa na sabuni usoni, na lilipokuja nilitamani kumtikisa mama ndani ya kaburi lake. Angeniuliza! Angepanda ngazi zile mwenyewe, akaniuliza mbele ya watu wote, Zaina, unataka kushuka? Lakini mama alinijua. Alijua nitajibu nini, na ndiyo sababu hakuuliza.